Muulize Karani: Mfalme na tisa mbele ya shemeji

SWALI: Shikamoo Babu Karani. Ijumaa usiku baada ya kula tulikaa watu sita barazani kwa mama mkwe, Makorora, tukacheza poka, hii ya karata mbili mkononi na tano mezani. Pesa hatuchezei, tunatumia komwe za bao. Kila mtu alianza na 50, na sharti ni kwamba wawili wa mwanzo kutoka wanaosha vyombo. Mmoja alikuwa keshatoka. Blaindi, yaani komwe za lazima ambazo wawili wanaomfuata mgawaji huweka kabla ya kuona karata, zilikuwa 2 na 4. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alibakiwa na komwe 24 tu, naye ndiye aliyekaa nafasi ya mgawaji. Waliomtangulia wakatupa karata, yeye akasukuma zote. Blaindi ndogo akatupa. Mimi nilikuwa blaindi kubwa, nina komwe 90 mbali na zile 4, na mkononi mfalme wa shupaza na tisa ya uru. Nikafikiri weee, mwisho nikamfuata. Akafunua ree na tatu. Mezani hakikuja cha kunisaidia, akazoa. Tangu hapo nimekuwa kichekesho, nikipita naitwa "Mfalme na Tisa". Mke wangu anasema nina tamaa. Kama saa moja kabla, shemeji huyohuyo alisukuma komwe 22 akiwa nafasi moja kabla ya mgawaji, mgawaji akatupa, mimi nikiwa blaindi ndogo na ree na nane, nikaogopa nikatupa. Safari hii nikasema siogopi. Je, nilikosea?
Mgosi, Makorora

JIBU: Marahaba, mgosi. Umekosea, ila si pale wanapokuchekea.

Mimi nilikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini hapa Tanga, enzi ambazo meli zilitia nanga nje na katani ikapelekwa kwa matishari. Karani ukishapanda melini asubuhi hushuki, na kati ya tishari moja na jingine unaweza kukaa saa nzima huna la kufanya. Poka nilifundishwa na mabaharia wa Kigiriki, ile ya zamani ya karata tano mkononi. Hii yenu ya karata mbili nimeijulia uzeeni, kwenye simu ya mjukuu. Serahangi wao, msimamizi wa mabaharia, alikuwa na desturi moja. Mtu akisukuma zote, yeye hamtazami usoni. Tulichezea njiti za kiberiti, basi anazipanga kwenye ubao safu mbili: safu ya zilizomo tayari, na chini yake safu ya anazotakiwa kuongeza. Anaziangalia, anavuta sigara yake, ndipo anaangalia karata.

Tuzipange zako. Za shemeji 24, za blaindi ndogo 2, zako 4. Jumla 30. Unatakiwa uongeze 20, si 24, kwa sababu zile 4 zilishatoka kwako kabla hujaona karata. Si zako tena, usizililie. Ukiongeza 20 zinakuwa 50. Kwa hiyo unatoa 20 kutafuta 50, na ukishinda mara 40 katika 100 umerudisha chako. Ikizidi hapo ni faida.

Sasa shemeji anaweza kuwa na nini? Ana komwe 24, na kila mzunguko blaindi zinamla 6. Mizunguko minne keshakwisha hata asipocheza. Tena kaachiwa nafasi na wote wa mbele, wamebaki wawili tu wa kumzuia. Mtu wa hali hiyo hasubiri jozi ya ree. Jozi ya ree inakuja kwa njia 6 kati ya 1,326, yaani mara moja katika 221, na blaindi haziwezi kumngojea. Ree na tatu peke yake ina njia 16! Kwa hiyo anasukuma kwa ree yoyote, jozi yoyote, picha mbili, pengine na nane na saba za rangi moja kama ana moyo.

Mbele ya hizo zote mfalme na tisa yako inasimamaje? Akiwa na jozi ya sita mmekaribiana, yeye amekuzidi kidogo tu. Akiwa na nane na saba, wewe ndiye uko juu. Pabaya ni akiwa na mfalme na malkia, au jozi ya ghulamu. Hapo huzidi 30 katika 100. Lakini hizo ni chache kuliko nyingine, na ukizichanganya zote unafika kwenye 40 hivi. Tazama hata alichokuwa nacho: ree na tatu imekutangulia, lakini mfalme na tisa inaishinda kama mara 40 katika 100. Yaani siku aliyokupiga, karata zikiwa wazi mezani, ulikuwa hudhulumiwi wala hudhulumu. Wanaokucheka wameona tano za mezani kisha wakarudi nyuma kukuhukumu.

Kuna suala la vyombo. Angekuwa mwingine pale, mwenye komwe 26, ningemwambia atupe mfalme na tisa yake bila aibu, asubiri mwenzake atangulie jikoni. Kukimbia masufuria ya pilau nako kuna thamani. Wewe ulikuwa na 90. Ukishindwa unabaki na 70, bado tajiri wa baraza, na ukishinda unamtuma shemeji kwenye karai la vyombo. Mwenye nyingi ndiye anayepaswa kufanya kazi hiyo.

Angesukuma 60 je? Hapo utupe. Zingekuwa 66 mezani, wewe uongeze 56 zifike 122, na ungehitaji karibu 46 katika 100. Tena mwenye 60 hana njaa, akisukuma ana kitu. Mfalme na tisa ileile, jibu jingine.

Kosa lako ni la saa moja nyuma. Alisukuma 22, wewe umeshaweka 2, mezani zipo 28, unaongeza 20 zifike 48. Unahitaji kama 42 katika 100, na umeshika ree na nane, ambayo mbele ya mtu anayesukuma kwa njaa inashinda karibu nusu. Kweli, nyuma yako alikuwepo blaindi kubwa, lakini mmoja tu. Ukatupa! Pale ndipo ulipomlisha shemeji akapata nguvu ya kukurudia, na kwa hilo hakuna aliyekucheka kwa kuwa hakuna aliyeziona karata zako. Mwenye chache ukimwachia hivyo anafufuka. Mwaka 1982 kule Las Vegas, Mmarekani Jack Straus alibakiwa na chipu moja tu ya kuchezea kwenye mashindano ya dunia ya poka, na mwisho akatwaa ubingwa.

Mkeo mwambie amwulize kaka yake kwa nini anasukuma na ree na tatu. Usimwambie jibu, maana kaka yake naye alikuwa sahihi.

SWALI: Babu, mwenye komwe chache kasukuma zote, mimi nina jozi ya nane na komwe za kutosha blaindi kubwa kama 15. Nyuma yangu wapo wawili wenye nyingi. Nifuate tu taratibu?
Msomaji, Pongwe

JIBU: Usifuate taratibu, sukuma zako zote. Ukifuata kipole unawafungulia mlango wale wawili waingie kwa bei rahisi, na jozi ya nane mbele ya watu watatu haina raha: ikija malkia au mfalme mezani hujui umkimbie nani. Ukisukuma, wenye vitu vya wastani watatupa ubaki na yule mmoja, tena blaindi walizoacha ni zenu. Na mmojawapo akifuata juu yako, basi, mwachie mgawaji afunue karata.