Maswali yenu: dawa za fangasi ndani ya jicho

Nilichomwa jichoni na jani la muhindi shambani. Daktari amenipa matone ya natamaisini, nitie kila saa, hata usiku. Hakuna vidonge?

Pole sana. Natamaisini ni molekuli kubwa isiyoyeyuka vizuri, ndiyo maana chupa hutikiswa kwanza na tone huacha weupe kwenye kope. Hupenya konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, kwa shida, na machozi huiosha upesi, hivyo lazima irudiwe. Utafiti wa kusini mwa India uliochapishwa 2013 ulionyesha inashinda matone ya vorikonazoli, dawa nyingine ya fangasi, hasa kwa fangasi aina ya Fusarium. Vidonge vya vorikonazoli vilipoongezwa juu yake, katika utafiti wa India na Nepal wa 2016, havikuokoa macho zaidi. Weka kengele kwenye simu, uamke.

Matone ya jirani yaliondoa wekundu siku mbili, sasa jicho lina wingu jeupe.

Huenda yana steroidi. Hizo hulaza kinga ya jicho: wekundu unapotea huku fangasi wakizidi kuchimba. Usiyatie tena. Nenda kliniki ya macho leo hii, na chupa uibebe.

Mama alilazwa ICU, fangasi wa kandida wametoka kwenye damu wakaingia jichoni. Ana dripu ya amfoterisini, mbona wanataka kumchoma sindano jichoni?

Kwa sababu kuta za mishipa ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, zimeshonana, hazipitishi kila kilichomo kwenye damu. Flukonazoli na vorikonazoli hupita vizuri; amfoterisini hupita kidogo mno. Fangasi wakishafika kwenye ute wa katikati ya jicho, dawa hupelekwa palepale. Dozi ya amfoterisini ndani ya jicho ni mikrogramu 5 hadi 10, wakati kichupa kina miligramu 50. Yaani mikrogramu 5 ni sehemu moja kati ya elfu kumi ya kichupa! Ikizidi, inaua chembe za retina, nazo hazioti tena. Ukiona wahudumu wawili wanahakiki mchanganyo ule polepole, waache wachukue muda wao.

Nikimeza vorikonazoli, baada ya nusu saa taa zinawaka mno na rangi zinabadilika. Napofuka?

Hapana, ndugu yangu. Inaonekana dawa huziba kwa muda njia ambayo chembe za retina hupitishia habari za mwanga. Kwa kawaida hali hiyo hupita ndani ya saa moja, na wengi huizoea. Usiendeshe gari usiku. Lakini ukungu ukibaki siku nzima, au ukianza kuona vidoa vinavyoelea, mwambie daktari wako siku hiyohiyo.