Skii za mtumba za yule Mwitaliano wa Casuarina: usitume pesa kwanza

Hapana. Usinunue. Angalau usinunue leo, nisikilize kwanza.

Unasema umepata kibarua cha hoteli Trentino, kule Italia, msimu huu wa baridi, na kuna Mwitaliano anafunga vila yake Casuarina hapa Malindi anakuuzia skii zake (zile mbao za kutelezea theluji) za mlima wote, zile wanazosema zinafaa kila aina ya theluji, urefu 180, upana wa katikati milimita 88, elfu kumi na nane na buti juu. Unauliza kama 180 ni ndefu kwa mtu wa sentimita 172, zitapandaje ndege, na uvae koti gani. Sawa. Halafu kule chini kabisa, kama kitu kidogo tu, ukaandika "buti nimejaribu zinaingia, na mzee amesema baindingi ziko sawa, zinafunga vizuri". Baindingi ndiyo kile kishikio cha kwenye skii kinachokamata buti. Mdogo wangu, hapo chai ilinipalia.

Mimi pia nilienda kupika hoteli kule, na mimi pia niliambiwa zinafunga.

Wangu mie hakuwa huyo wako, alikuwa mzee mwingine, ana vila yake tangu zamani na Kiswahili chake cha kuombea samaki bei. Skii alikuwa ameziweka stoo nyuma ya jenereta miaka na miaka. Unajua chumvi ya hapa inavyokula chuma, hata bawaba ya dirisha haisalimiki, sasa skii ina ukingo wa chuma pande zote mbili. Ukipitisha kidole unatoka na unga mwekundu. Nikamuonyesha, akasema hiyo ni kutu ya juu tu, fundi atapiga msasa. Na kwa hilo hakudanganya, kutu ya juu kweli inasuguliwa ikaisha. Kwa hiyo nikamuamini na mengine, manake mtu akisema kweli moja mbele yako unamkopesha na zinazofuata.

Akanivalisha buti, akaweka skii pale kwenye saruji ya varanda, nikakanyaga, TAK, ikafunga. Akasimama na kushika kiuno kama amemaliza operesheni. "Tranquillo," ananiambia, yaani tulia. Kwenye baindingi kuna kidirisha kidogo, ndani kuna namba, yangu ilikuwa 9. Nilidhani ni saizi. Ndio, chekeni.

Ile si saizi. Ile namba ndiyo inasema springi imekazwa kiasi gani, yaani mguu wako unahitaji kusukumwa kwa nguvu gani ndipo skii ikuachie. Na haipangwi kwa macho wala kwa urafiki. Inapangwa kwa uzito wako, urefu wako, umri, unateleza kwa kiwango gani, na urefu wa soli ya buti kwa milimita, ambao umeandikwa ubavuni kwenye kisigino cha buti yenyewe. Mzee alikuwa kilo mia na ushei na ameteleza tangu hajabalehe, kwa hiyo 9 ilikuwa yake halali kabisa. Mimi kilo sitini na nne nimelowa, na theluji nilikuwa nimeiona kwenye friza ya samaki. Baadaye kule fundi alinipigia hesabu, mtu kama mimi anayejifunza alitakiwa kuwa kwenye nne hivi. Nne! Nikateremka mlima na tisa ya mtu mwingine.

Na msifikirie nilikuwa narukaruka huko juu kama sinema. Ilikuwa pista ya bluu, yaani njia ya kutelezea ya wanaoanza, juu ya Canazei huko Trentino, saa za alasiri theluji imeshalainika na kufanya vichuguu vichuguu, watoto wa chekechea wananipita wanaimba. Nilikuwa naenda polepole, na polepole ndio mbaya, hilo halisemwi huku kwetu. Ukianguka kwa kasi mara nyingi kuna kishindo cha kutosha kufungua hata iliyokazwa sana, lakini ukianguka taratibu mwili unazunguka, skii imenasa, na hakuna kishindo, kuna kujisokota tu. Ncha ya skii ya kushoto iliingia kwenye kichuguu, ikakaa. Mimi nikaendelea kuzunguka. Ile TAK niliyoisikia Malindi kwenye varanda nilikuwa naiombea nisikie tena, haikuja, ikaja sauti nyingine, na hiyo ilitoka ndani ya mguu.

Muundi, umevunjika kwa kujisokota, ufa umezunguka mfupa. Daktari alipoangalia picha wala hakuuliza nilifanya nini, aliuliza baindingi ilifunguka au haikufunguka. Nikashushwa kwenye sleji nimefungwa kama gunia la makaa, mbele ya wateja wale wale niliokuwa nawapikia asubuhi. Kibarua kikaota nyasi hapo hapo, msimu ndio ulikuwa umeanza kuchanganya, na mpishi asiyeweza kusimama hoteli itamfanyia nini. Nimewekewa chuma ndani ya mfupa. Mpaka leo kusi likianza kuvuma najua kabla ya wavuvi.

Na bima? Italia tangu mwaka 2022 huruhusiwi kuteleza pista bila bima, nikakata ya siku pamoja na tiketi ya lifti ya kupandia mlimani nikajiona nimejipanga. Kumbe ile ya lazima ni ya madhara utakayomfanyia MTU MWINGINE. Mguu wako mwenyewe ni shauri yako, kama hukuongeza. Hili nalo lisome kwenye karatasi kabla hujalipa.

Mzee nilimpigia simu. Unajua alisema nini? Kwamba yeye hajawahi kupata tatizo na skii zile. Wallahi nilicheka huku nalia. Bila shaka hujapata tatizo, zimepangwa kwa ajili yako! Sisemi alitaka kuniumiza, na kheri zake nimekula nyingi, lakini mtu anakukabidhi kitu cha kushika mguu wako, na kipimo chake pekee ni kwamba kinafunga? Kufunga hata kufuli ya Gikomba inafunga. Kazi ya baindingi ni KUFUNGUKA, na kufunguka hakupimwi varandani kwa kukanyaga.

Halafu subiri, kuna jingine. Nilipopeleka skii dukani fundi aangalie, alikataa kuzigusa. Si ujeuri, baindingi zikizeeka kampuni inaziondoa kwenye orodha ya zile inazozisimamia, na duka la maana halizirekebishi tena kwa hela yoyote. Grisi ya ndani ilikuwa imekauka kuwa gundi. Kwa hiyo hata ungeizungusha ile skrubu kwa bisibisi ukaona namba imeshuka mpaka nne, namba ingeshuka kidirishani tu, ndani mambo ni mengine. Ndio maana nasema bisibisi usiishike. Na ukija kununua buti mpya zako, siku hizi nyingi zina soli ya GripWalk, ya mpira na imepinda kidogo ya kutembelea, haikai sawa kwenye baindingi za zamani zilizotengenezwa kwa soli bapa. Itaingia. Itafunga. Unaona tunaporudi?

Sasa sheria yangu, na ukisahau yote usisahau hii: hukanyagi theluji mpaka fundi wa duka la skii awe ameshika buti ZAKO na skii hiyo kwa pamoja, amekupima, na ameweka kwenye ile mashine inayosokota buti kuona inaachia kwa nguvu gani. Si mwenye skii, si shemeji yake, si mimi. Ukweli niuseme, fundi yule yule aliniambia hata baindingi iliyopangwa vizuri haikingi kano za goti kila mara, imekusudiwa zaidi mfupa wa muundi. Lakini wangu ulikuwa ndio huo huo muundi.

Kuhusu 180, ndefu kwako, ndio, anayejifunza anatafuta inayofika kidevuni mpaka puani hivi. 88 yenyewe haina neno, ndio upana wa hizi za mlima wote, asubuhi zinauma theluji ngumu kiasi na mchana kwenye uji wa theluji hazizami. Ila uliza kama zina bati la chuma ndani, za wazee wanaojua huwa nalo, na hilo kwa mgeni ni ubao haupindiki. Kule kwenyewe utapata za kukodi msimu mzima, na baindingi wanakupangia hapo hapo ukiwa umesimama. Pesa ya kwanza weka kwenye buti, na buti "inaingia" si kipimo, buti ya skii ikiingia kirahisi dukani ni kubwa.

Na wale mnaoandika hapo juu eti mtu wa pwani na theluji wapi na wapi, Sabrina Simader amezaliwa Kilifi na ameiteremkia Kenya milima Olimpiki ya 2018 kule Pyeongchang. Tatizo langu halikuwa pwani, lilikuwa springi.

Piga picha mbili: kile kidirisha cha namba, na maandishi ya kisigino cha buti. Na kwenye baindingi yenyewe kuna jina la modeli, lipige pia. Weka hapa tuangalie kabla hujatuma M-Pesa, na huyo mzee akikwambia kuna mteja mwingine anakuja jioni, muache aje.