Ugali na sato baada ya upasuaji wa kupunguza uzito
Dada, umeuliza kama utakula tena ugali na sato. Sato ndiyo, ukishavuka wiki za supu na vyakula laini. Mchemshe, mtoe miiba, tafuna mpaka alainike kabisa. Ugali uje mwisho, tonge dogo tu, maana protini inatakiwa ifike walau gramu 60 kwa siku na tumbo halina nafasi. Maji subiri kama nusu saa baada ya kula. Soda achana nayo. Mawifi wa Kirumba wakinuna kwamba umedharau chakula chao (watanuna!), omba kisahani, kula polepole, wataongea wachoke. Vidonge vya vitamini, hasa B12, ni vya maisha. Usiache kwa sababu unajisikia mzima.