Mleta uzi, usikariri hizo insha za IELTS!

Hapana, mdogo wangu! Unasema umenunua desa la insha zilizoandikwa tayari hapo Mwanga, Kigoma, unataka mbinu ya kuzikariri kabla hujapanda treni kwenda Dar kufanya IELTS, ule mtihani wa Kiingereza. Hilo desa liweke kando leo hii. La aina hiyo ndilo lililonikosesha chuo.

Mwalimu wa tuisheni aliyeniuzia langu aliapa kwamba maswali hujirudia. Mada ndizo zinazojirudia: elimu, mazingira, usafiri. Swali lenyewe hubadilika. Nilikariri insha ya foleni za magari mijini, maneno mazito matupu. Siku ya mtihani nikaulizwa nakubali kwa kiasi gani kwamba serikali itumie fedha nyingi kwenye reli kuliko barabara. Nikaona usafiri, nikamwaga foleni yote. Reli niliigusa kwenye sentensi ya mwisho tu! Mimi mtoto wa Kigoma, mji uliofikiwa na reli tangu 1914, nikashindwa kusema reli inamfaa nini mtu anayesafirisha dagaa na mawese. Chuo kilitaka alama 6.5 kati ya 9, uandishi ukaja 5.

Yule mwalimu hadi leo ananiudhi. Alipokea hela za watu wenye familia bila kuwaambia kuwa wasahihishaji wana vigezo vinne vyenye uzito sawa: kujibu swali, mtiririko wa hoja, msamiati na sarufi. Insha ya kukariri huanguka kwenye kile cha kwanza, na wasahihishaji wanaijua wakiiona. Na uandishi una kazi mbili: insha hii ina uzito mara mbili ya ile nyingine ya maneno 150.

Jibu swali lililoulizwa. Basi. Una dakika 60 kwa kazi zote mbili. Insha ipe 40, na zile tano za mwanzo usiandike aya yoyote. Pigia mstari linachotaka swali. Likisema jadili pande mbili na utoe maoni yako, halafu maoni hayaonekani, umejibu nusu. Andika msimamo wako kwa sentensi moja na hoja mbili za kuutetea. Kila ukimaliza aya, rudi kwenye swali uone kama bado uko humo. Maneno yasipungue 250.

Mifano toa ya kwenu, maana maelekezo yenyewe yanakutaka utumie unayoyajua. Ukiulizwa kama serikali izuie kazi zinazoharibu mazingira, unalo Ziwa Tanganyika lililofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane. Eleza mvuvi wa Kibirizi, hapo Kigoma, alikosa nini na alitarajia nini ziwa likifunguliwa. Kiingereza cha kawaida unachokimudu kinatosha hapo.

Chukua swali moja la zamani, andika dakika 40 desa likiwa limefungwa, ubandike hapa pamoja na swali lake. Nikitoka kazini nitaisoma, na kila sentensi isiyojibu swali nitakuonyesha.