Herufi moja iliyonikesheza ofisini

Mwaka wangu wa kwanza kwenye kazi ya mitandao nilimwahidi mteja kwamba nakala ya mafaili yake itakuwa imeshafika tawi la pili kabla ya saa sita usiku. Mafaili yalikuwa gigabaiti 200, laini kati ya matawi ilikuwa ya Mbps 50. Nikatoa simu mfukoni, nikagawa megabaiti 200,000 kwa 50, nikapata sekunde 4,000. Saa moja na dakika saba hivi, na tunaanza saa nne usiku. Nikajiona fundi.

Saa sita ilipogonga hata robo haijafika. Mlinzi alikuja mara mbili kuniuliza kama nalala palepale. Nililala palepale. Kazi iliisha saa moja na nusu hivi asubuhi, dada wa usafi akipiga deki chini ya meza niliyoegemeza kichwa.

Laini ilikuwa nzima kabisa. Mimi ndiye niliyegawa baiti kwa biti.

Mafaili hupimwa kwa baiti, laini huuzwa kwa biti (Mbps ni megabiti kwa sekunde), na baiti moja ina biti 8. Kwa hiyo megabaiti 200,000 ni megabiti 1,600,000. Gawa kwa 50: sekunde 32,000, karibu saa tisa. Juu yake weka vichwa vya paketi, yaani anwani na maelezo yanayoambatana na kila kifurushi cha data. Kwenye Etheneti ya kawaida, mtandao wa kebo wa ofisini, kila baiti 1,460 za data ya TCP (utaratibu unaosafirisha mafaili) huchukua nafasi ya baiti 1,538 kwenye waya, yaani katika kila 100 unaambulia 95 hivi. Ndiyo maana swichi ya Mbps 100, kile kifaa cha kuunganisha kompyuta kwenye mtandao, ukiipima haikupi 100 hata uibembeleze vipi.

Kwenye maandishi, tofauti yote imebebwa na herufi moja: b ndogo ni biti, B kubwa ni baiti. Nawe uandike hivyohivyo. Na M ya mega iwe kubwa, kwa sababu m ndogo kwa kanuni ni mili, sehemu moja ya elfu. Ukiandika “20 mbps” kwenye ripoti umesema laini inapitisha biti moja kila sekunde 50. Hakuna atakayekuelewa vibaya, najua, lakini mkaguzi mmoja aliwahi kunizungushia wino mwekundu na sikuwa na la kumjibu.

Utapigiwa simu, na huenda ikawa wiki yako ya kwanza: “Nimelipia 20, napata 2.4, mnatuibia!” Usikimbilie kumwambia azime ruta. Uliza: “Pole dada, hiyo 2.4 unaiona wapi, na mbele yake pameandikwaje?” Mara nyingi anaisoma pale anapopakua faili, na mbele pameandikwa MB/s. Ishirini gawa kwa nane ni 2.5, toa vichwa vya paketi, inabaki 2.4. Anapata alicholipia. Mweleze taratibu, bila kumfanya ajione mjinga, maana hata sisi tumeshakesha kwa ajili ya herufi hiyohiyo.

Sasa lile swali la kilo kuwa 1,000 au 1,024. Kasi ya laini huhesabiwa kwa 1,000 siku zote. 1,024 ni ya kumbukumbu za kompyuta, na tangu 1998 ina majina yake rasmi, kibi, mebi, gibi, ila Windows bado inahesabu kwa 1,024 na kuandika GB. Ile 200 yangu ingekuwa imesomwa kwenye Windows, ingekuwa gigabaiti 214.7 kwa hesabu ya laini, na usingizi wangu ungepungua dakika nyingine 40.

Mtego mzuri kuliko yote uko kwenye E1, laini ya kidijitali ya kubebea simu nyingi kwa pamoja, na bado utakutana nayo kwenye mitambo ya zamani. Sauti ya simu huchukuliwa sampuli mara 8,000 kwa sekunde, kila sampuli biti 8, ndiyo 64 kbps (kilobiti kwa sekunde). Panga nafasi 32 za namna hiyo, 30 za mazungumzo, moja ya kuweka mpangilio sawa na moja ya ishara za simu, unapata 2,048 kbps. Kijana aliyetoka kwenye kompyuta akiiona 2,048 anafurahi: si ndiyo 1,024 mara mbili! Anaandika Mbps 2 kamili. Namba zimefanana tu. Hizo ni biti 2,048,000, na jibu ni Mbps 2.048.

Mzee mmoja wa simu aliyenifundisha alikuwa na swali lake kwa kila mgeni: STM-1, laini kubwa inayokusanya E1 nyingi, ni Mbps 155.52, je, inabeba E1 ngapi? Wote tuligawa, wote tukasema 75 na kitu. Alikuwa anacheka mpaka anavua miwani. Ni 63. Nafasi inayobaki huliwa na vichwa vya fremu na ufungaji wa mizigo yenyewe, na hiyo haimo kwenye kikokotoo.

Mwisho, kebo ya konsoli, waya wa kuiamrisha swichi moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta. Ikiwekwa biti 9600 kwa sekunde kwa mpangilio wa 8N1 (biti 8 za data, hakuna ya ukaguzi, 1 ya kumalizia), usigawe kwa 8, gawa kwa 10, kwa kuwa kila herufi ina biti yake ya kuanzia na ya kumalizia. Unapata baiti 960 kwa sekunde. Kwa kubandika mistari michache inatosha. Lakini ukiambiwa uirudishe swichi iliyokufa kwa kuipakia programu yake ya megabaiti 10 kupitia waya huo, ni karibu saa tatu, na ikikatika unaanza upya. Kabla hujakubali, zunguka nyuma ya kabati uangalie kama kuna tundu la USB.