GPA ya 2.8 haijafunga milango yote, mdogo wangu

Pole kwa mawazo. Umesema uko mwaka wa nne wa sheria hapa Arusha, GPA 2.8, lakini umeongoza kituo cha msaada wa kisheria cha wanafunzi na umefika fainali za mashindano ya mahakama ya mfano (kesi za kuigiza). Sasa unahofia kwamba hutapata kazi.

Ofisi kubwa za mawakili zinaanza na matokeo, hilo likubali mapema. Lakini wakili mwenye ofisi ndogo mjini au kule Moshi anataka mtu wa kuandaa hati ya madai leo na kumsikiliza mama mwenye mgogoro wa shamba kesho. Tangu mwaka 2021 sheria imeufanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, kwa hiyo anayeandika Kiswahili safi cha kisheria ana mtaji. Nenda mwenyewe, ukiwa na hati mbili tatu ulizoandika. Kwenye CV usiandike tu "kiongozi". Andika mliwahudumia watu wa namna gani na wewe ulifanya nini hasa.

Serikalini, usaili wa Sekretarieti ya Ajira mara nyingi huanza na mtihani wa kuandika. Hapo unaweza kumpita mwenye 4.0.

Omba pia kujitolea kwenye mashirika ya haki za ardhi na ya wanawake. Kazi yako ya kituoni ndiyo wanayoihitaji.

Ila tafadhali, usichelewe kuomba Shule ya Sheria, yale mafunzo ya uwakili baada ya shahada. Bila hiyo uwakili hupati, na huko ni mitihani mipya, tena migumu. Anza kusoma sheria ya ushahidi na taratibu za madai sasa.