Nyumba imepakwa rangi juzi tu, tununue?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi na mume wangu tumepata nyumba ya vyumba vitatu Kinyerezi, mwenye nyumba anasema anahamia mkoani ndo maana anauza haraka. Ndani panapendeza, rangi mpya, jipsamu mpya, ila chumba kimoja kina ufa unaanzia kona ya dirisha. Dalali anasema ni plasta tu, na anataka advansi kabla ya Jumapili eti kuna mteja mwingine. Tukague nini? Mama R., Tabata.

JIBU: Marahaba dada. Huyo mteja mwingine yupo kwenye kila nyumba inayouzwa Dar hii, asikutoe jasho.

Ufa wa plasta unakuwa mwembamba kama unywele, unatambaa huku na huku na haupiti ukuta. Sasa huo wako unaanzia kona ya dirisha, kama unapanda mshazari ukifuata maungio ya tofali, na ukizunguka nje unaukuta palepale, basi hapo msingi umetitia au linta, ile boriti ya juu ya dirisha, haikufungwa vizuri, na hiyo dalali hawezi kukwambia. Angalia pia stoo na nyuma ya makabati, huko huwa hawahangaiki kupaka rangi.

Mimi jipsamu mpya ndo inanitia wasiwasi zaidi, yani mtu anahama mkoa halafu anabadilisha dari ya nini? Omba ngazi, fundi wako apande achungulie mbao kama zina mchwa na mabati kama yanapitisha mwanga. Halafu shuka chini, papasa ukuta usawa wa goti, plasta ikivimba au ukiona unga mweupe ujue ukuta unavuta maji kutoka chini, na hiyo hata upake rangi mara ngapi inarudi. Kama mnaweza rudini siku mvua imenyesha, ndo utajua maji yanaelekea wapi, na majirani watakuonyesha yaliishia wapi masika iliyopita. Waulize hao hao gari la kunyonya choo linakuja kila baada ya muda gani, wanajua kuliko mwenye nyumba.

Fungueni mabomba yote kwa pamoja muone kama maji bado yanatoka kwa nguvu. Nunueni umeme wa elfu chache kwenye ile mita muone kinakatwa nini, maana kodi ya jengo siku hizi inakatwa kwenye LUKU na deni likilimbikizwa litawasubiri nyie.

Karatasi nazo, serikali ya mtaa peke yake haitoshi, kama ina hati fanyeni upekuzi ofisi ya ardhi, yani mhakikishe imeandikwa kwa jina la nani, na mke wa huyo mwenye nyumba asaini, nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenza, Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hivyo.

Fundi mtafute wenyewe na mumlipe wenyewe, asiwe wa dalali. Advansi isubiri mpaka ashuke darini. Na huo ufa upige picha ukiweka sarafu pembeni, unitumie nione upana wake.